Siku Sauti ya Skolastika Ilipotokea Msikitini

Zuhura mwanangu,

Umekwenda kusukwa, na kwa vile umetaka zile ndogondogo, najua hutarudi kabla ya magharibi. Mabegi yako yako sebuleni. Mambo ya safari, chakula cha njiani, simu usiishike karibu na dirisha la basi, yote tumeshayasema mpaka ukanicheka. Sitayarudia. Nimekaa hapa barazani kukuandikia jambo ambalo nimeshindwa kukwambia kwa mdomo, ingawa umeniuliza zaidi ya mara moja.

Tangu habari za chuo zilipoenea, watu hapa Nachingwea wananipongeza kwamba nimekurithisha kazi. Muuza maspika amezaa mhandisi wa mawasiliano, wanasema, na mimi nacheka nao. Lakini juzi uliponisomea kwenye simu yako mambo mtakayofundishwa, ukafika pale paliposema kuna somo zima la namna watu wengi wanavyoweza kutumia masafa yale yale bila kuvurugiana, niliinuka nikaenda jikoni. Ulidhani nakwenda kutazama maharage. Nilikuwa nimemkumbuka mama yake Getruda.

Umekuwa ukiniuliza kwa nini tuliacha kwenda kwa mama Getruda. Nilikujibu kwamba walihama. Ni kweli walihama. Ila nilianzia mwisho wa habari, na mwanzo wake nikauacha.

Wakati ule tulikuwa tunakaa Mbekenyera, wewe uko darasa la pili. Baba yako alikuwa amefariki na kutuachia zile spika mbili kubwa, amplifaya na genereta. Ndugu zake walinishauri niuze. Walisema mwanamke hawezi kukaa kwenye harusi za watu anazungusha vitufe. Nikasema nitaweza. Nilijifunza kila waya unaingia wapi. Nilijifunza kuchomea, kuondoa ule mlio mkali wa spika, kuwasha genereta bila kumwita mtu. Kidogo kidogo nikawa naitwa. Harusi, matanga, mikutano ya kijiji, hata siku za mnada wa korosho waliniita. Walikuwa wakisema, "Mwiteni Somoe, yule mashine inamsikia." Maneno hayo yaliniingia kichwani kuliko nilivyokubali.

Skolastika, mama yake Getruda, ndiye aliyenishika mkono miezi ile ya mwanzo. Alikuwa kiongozi wa kwaya ya kigango, na nyumba yake ilitazamana na yetu. Nikienda kazini wewe ulikula kwake, ukalala kitanda kimoja na Getruda, aliyekuzidi miaka michache. Siku za mfungo alinipikia uji wa kufuturia kabla mimi sijafika nyumbani. Krismasi mimi ndiye niliyekaanga maandazi yake. Tulikuwa tunajuana mpaka kikohozi.

Mumewe, Kosmas, alikuwa machimboni, huko mbali. Skolastika alikuwa akisema hivyo, na sisi sote tulisema hivyo. Jumapili akitoka kanisani utamsikia anawaambia watu, "Kosmas anawasalimu." Wakwe zake nao walipelekewa salamu zao. Shamba la mikorosho alilokuwa akilitunza lilikuwa la Kosmas, limetoka kwa wajomba zake Kosmas, na watu wa ukoo ule walimwacha alime na kuokota korosho kwa sababu alikuwa anamtunzia mwenzake mali mpaka arudi.

Sasa, msikiti wetu na kanisa la kigango vilitazamana, barabara katikati. Mwaka ule imamu wetu, Sheikh Athumani, aliniomba nimtafutie maiki isiyo na waya. Haikupita muda katekista Damiani naye akaomba, ila yeye alitaka ya kubana kwenye nguo, maana waimbishaji wanatumia mikono yote miwili. Nilisafiri mpaka Dar es Salaam kuzinunua. Nikachukua za aina moja, dukani kulekule, bila kuuliza zinatumia masafa gani. Sikujua kwamba hilo ni swali la kuulizwa. Kwangu mimi maiki ilikuwa na kipokezi chake kama mtoto na mama yake, hawezi kumfuata mwingine.

Nilikuja kujua baadaye kidogo. Siku moja nilikuwa msikitini mchana, peke yangu, nafunga antena ya kipokezi juu zaidi ili sheikh aweze kusogea mpaka uani na sauti isikatike. Nikawasha kujaribu. Maiki ya msikiti ilikuwa imezimwa, iko mfukoni mwangu. Spika ikakwaruza, halafu nikasikia kwaya. Ilisikika kwa mbali, inaingia na kutoka, lakini ilikuwa kwaya. Nikatoka nje, nikatazama ng'ambo, wako kanisani wanafanya mazoezi. Nikarudi ndani nikazima.

Nilielewa palepale. Vile vitu viwili vilikuwa vinasema kwenye njia moja, na kipokezi hakina macho, kinachukua yeyote anayefika kwa nguvu. Na ile antena niliyoipandisha ilikuwa imekiongezea masikio.

Nilipaswa kuvuka barabara saa ileile. Badala yake nikapiga hesabu zangu. Msikiti wanatumia Ijumaa. Kanisa wanatumia Jumapili. Mazoezi ya kwaya ni katikati ya wiki, na msikitini siku hizo hawawashi mashine kubwa. Basi hawatakutana. Sikumwambia sheikh, sikumwambia katekista. Skolastika, ambaye ndiye aliyekuwa akiibana maiki ile kwenye nguo yake, naye sikumwambia. Nilikuwa nimejenga jina la kujua, na nikaona aibu kusema kwamba nimenunua vitu viwili vinavyogombana. Nilijiambia nikienda tena Dar nitabadilisha kimya kimya.

Halafu yakaja maulidi. Yalifanyika Jumamosi, baada ya alasiri, uani pa msikiti. Watu walitoka Nkowe, walitoka Chunyu, wengine kwa bodaboda na wengine kwa baiskeli. Hata wasio Waislamu walikuja, kama ilivyo kawaida ya kwetu, wakakaa pembeni kusubiri pilau. Kwaya nayo ilikuwa imehamishia mazoezi Jumamosi hiyo kwa sababu ya ujio wa padri. Hakuna aliyefikiria kuniuliza. Kwa nini waniulize? Mimi ndiye niliyejua, na nilikuwa nimenyamaza.

Nilikaa upande wa wanawake, mashine mbele yangu, wewe umelala kwenye mkeka miguuni kwangu. Kasida ziliisha. Sheikh akazima maiki yake ili wazee wapumue kidogo kabla ya dua, akaiweka juu ya meza. Uwanja ukatulia.

Spika zikakwaruza. Kisha ikatoka sauti ya mwanamke, safi kabisa, kama amekaa katikati yetu.

"Agnesi, mimi nimechoka kusema uongo."

Niliitambua kabla hajamaliza neno la kwanza. Kwaya walikuwa wamemaliza mazoezi, wamezima amplifaya yao na kuondoka. Yeye alikuwa amebaki na Bi Agnesi, mzee wa kwaya, na ile maiki ilikuwa bado imebanwa kifuani, inawaka. Kwao haikutoa sauti yoyote. Ilitoka kwetu, na spika zetu zilikuwa zimeipa barabara mgongo, genereta ikinguruma upande wa kanisa.

Alikuwa akisema Kimwera, lugha ya nyumbani, kwa hiyo hata vikongwe walielewa kila neno. Alisema, "Kosmas hanisalimii wala hasalimii mtu. Ameoa huko. Ana watoto huko. Aliniambia nisimpigie tena. Kila Jumapili nasimama pale nje natunga salamu, natunga na za mama yake. Nikisema kweli, watanitoa shambani. Nitampeleka wapi Getruda?"

Bi Agnesi akasema kitu ambacho hakikusikika vizuri. Skolastika akalia. Tulimsikia akilia, akafuta pua, akasema, "Hata Somoe sijamwambia. Nitamwambia vipi, yeye mumewe amekufa na bado anasimama. Mimi wangu yu hai."

Zuhura, mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe. Nataka ujue hilo, maana ndilo ninaloandikia barua hii. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha sauti tangu lile neno la kwanza. Nilikuwa na uwezo wa kukizungusha kwa muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho. Sikuzungusha. Nilitaka kusikia. Alikuwa rafiki yangu, na nilishangaa kwamba kuna jambo kubwa hivi amenificha, nikataka kujua mwisho wake. Nilipolisikia jina langu ndipo nikashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji, nikazima kila kitu.

Pembeni alikuwa amekaa shemeji yake Skolastika, kaka wa Kosmas, amekuja kwa ajili ya pilau kama wengine. Alisimama, akakung'uta suruali, akaondoka bila kula.

Wewe uliamka ukaniuliza, "Mama, mbona mama Getruda analia?" Nikakwambia ulikuwa unaota.

Siku zilizofuata kijiji kiligawanyika kwa jambo ambalo halikuwa lenyewe. Vijana wa upande wetu walisema watu wa kanisa wamewasha maiki makusudi kuharibu maulidi. Upande wa pili wakasema msikiti umetega mitambo ya kusikiliza mambo ya watu. Wengine wakasema ni shetani. Nilikaa ndani nasikia yote hayo, na nikajidanganya kwamba yatapoa. Yalikuwa hayapoi. Katekista Damiani alitukanwa sokoni, mzee wa watu, akiwa amebeba mihogo yake. Hapo ndipo nilipokwenda kwa Sheikh Athumani, nikamwomba anisindikize kanisani, na tukiwa tumekaa wote watatu nikasema ni mimi.

Niliwaeleza kwa vidole, huyu anasema hapa, na huyu anasema hapahapa. Katekista aliuliza, "Kwa hiyo ukuta hausaidii?"

"Hausaidii, mzee. Kwenye hewa hakuna ukuta wenu na ukuta wetu."

Sheikh akauliza, "Ulijua lini?"

Nikamwambia. Hakunikaripia. Alisema tu, "Sasa tuambie tufanyeje ili kila mtu awe na nafasi yake." Lilikuwa swali lililopaswa kuulizwa mwanzoni kabisa, na mimi ndiye niliyestahili kuliuliza. Jibu tulilolipata siku ile lilikuwa rahisi mno mpaka nikaona aibu. Msikiti wakabaki na maiki yao, ya kanisa nikaibadilisha kwa inayotumia masafa ya mbali na yale, antena nikaishusha, na wakakubaliana atakayekuwa na shughuli ya pekee amwambie mwenzake. Ijumaa sheikh aliwaeleza watu. Jumapili katekista akaeleza. Maneno ya shetani yakaisha.

Kwa Skolastika nilikwenda mwishoni. Nisamehe, lakini ndivyo nilivyofanya. Nilianza na waliokuwa rahisi.

Nilimkuta anatwanga. Hakuacha. Nikapiga hodi, akasema karibu, akaendelea. Nikamweleza habari ya masafa, ya maduka, ya antena, naeleza naeleza. Aliniachia mpaka nikaishiwa. Kisha akaweka mchi chini.

"Somoe, siku ile yule mlevi aliponyang'anya maiki kwenye harusi ya kina Hadija, alitukana maneno mangapi?"

Nikasema hata moja halikutoka.

"Halikutoka kwa sababu ulimzima. Mimi nilikuwepo. Alifungua mdomo tu, ukamzima." Akanitazama. "Mimi uliniacha mpaka nikamaliza."

Ningeweza kusema nilishikwa na butwaa. Nilikuwa nimeliandaa neno hilo njiani. Nikaona ananijua kupita kiasi.

"Nilitaka kusikia," nikamwambia.

"Ungeniuliza," akasema. "Nilikuwa naishi hapa mlangoni kwako."

Akachukua mchi akaendelea kutwanga.

Msimu wa korosho ulikuwa bado haujafika. Watu wa ukoo wa Kosmas walikaa kikao, wakasema kwa kuwa mwenye mali ameanza nyumba nyingine, shamba lirudi kwa wajomba. Nilikwenda kwenye kikao kile kumtetea. Mzee mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mama, hivi si wewe uliyetuambia?" Nikaondoka. Skolastika akamchukua Getruda na vyombo vyake, akarudi kwa mama yake Nkowe. Siku wanapakia mizigo uliomba kwenda kumuaga Getruda. Nilikukatalia, nikasema una homa. Hukuwa na homa. Sikuwa na uso wa kuvuka barabara na wewe. Umepoteza rafiki yako kwa sababu yangu, na hilo ni lako la kunidai, si la Skolastika.

Mwaka uliofuata ndipo tulipohamia hapa Nachingwea. Kazi niliendelea nayo, unaijua. Umekulia ndani yake. Umeona ninavyofika mapema kwenye shughuli nazunguka mtaa mzima nauliza nani mwingine ana maiki leo, kanisani wana nini, yule wa matangazo atapita saa ngapi. Ulikuwa unaona haya, unaniambia, "Mama, funga tu tuwashe." Umeona ninavyopunguza nguvu ya mtambo mpaka ifike tu panapotakiwa, na wenye harusi wananung'unika kwamba wamelipia sauti kubwa. Maiki zangu za zamani nazo zikaja kuwa hazifai, maana sehemu ya masafa yake ilipewa mitandao ya simu, nikalazimika kuanza upya. Watu wakaniita mwangalifu. Siku moja mteja aliniuliza nilisomea wapi uangalifu huo. Nilimwambia nimeuokota tu njiani.

Wewe utajifunza haya kwa hesabu zake, na siku moja huenda ukapewa chombo cha kuonyesha nani amemwingilia nani. Sina la kukufundisha hapo. Ninalojua mimi ni dogo. Nilipogundua tatizo lile mchana ule, lilikuwa bado tatizo la mashine. Kwa kila siku niliyonyamaza lilikuwa linageuka kuwa la watu, na sikuliona likigeuka. Ukikuta kosa lako likiwa bado la mashine, vuka barabara, hata kama utaonekana hujui kazi. Mimi nililinda jina langu, na jina lile sasa halinifurahishi hata likitajwa kwa sifa.

Na kuna lile lingine, la kidole juu ya kitufe. Kazi yetu hii inatupa kusikia yasiyotuhusu. Yatakupitia mengi. Sijui nikwambie nini kuhusu hilo. Nimelifikiria miaka yote hii na bado naona ningerudishwa pale, labda ningesikiliza tena. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Nimalizie na jambo la mwaka jana, ulipokuwa bweni. Mama yake Skolastika alifariki. Habari niliipata kwa dereva wa bodaboda wa Nkowe. Sikuitwa, ila nilifunga spika mbili ndogo kwenye gari la kukodi nikaenda. Nilimkuta uani amekaa na wanawake. Amezeeka, mwanangu, kama mimi. Getruda alikuwepo, ni mwalimu sasa, alinipa mkono akasema, "Shikamoo mama," akakuulizia. Nikamwambia Skolastika nimeleta maspika, akitaka nitafunga, asipotaka nitakaa tu kama mwombolezaji.

Akasema, "Funga, Mama Zuhura. Watu ni wengi."

Zamani alikuwa ananiita Somoe.

Katekista wa pale alitumia maiki, wazee wakatumia. Ilipofika zamu ya mwenye msiba kushukuru, nikampelekea Skolastika maiki mkononi. Aliitazama, hakuipokea. "Zima kwanza," akasema. Nikazima. Nikazima na kipokezi, nikazima amplifaya, taa zote zikafa, na nikahakikisha ananiona nikifanya hivyo. Kisha akasimama akasema kwa mdomo wake mtupu. Sauti yake siku hizi ni ndogo. Watu wakaanza kusogea mbele ili wamsikie, mmoja mmoja, wengine wamebeba viti, mpaka nyuma kukabaki mimi na mashine zangu.

Pale nilipokuwa nimesimama sikuweza kusikia hata neno moja. Niliona tu midomo ikitembea, na watu wakitikisa vichwa, na Getruda amemshika kiwiko. Nilitamani kusogea. Nilikaa palepale, mikono nimeifumbata, mpaka alipomaliza na kuketi.

Nasikia sauti yako kwa jirani, unamsalimia mzee. Kumbe umemaliza mapema. Barua hii nitaitia kwenye begi lako, chini ya kanga, uisome ukishafika.

Mama yako,
Somoe